Wimbo wa Wakunja Mashuka

Siku hizi wimbo wa shangazi yangu unaimbwa hadi shuleni. Nimewaona watoto kwa macho yangu, soksi nyeupe, mikono nyuma, mwalimu akiwapigia makofi kama wako harusini. Nilikaa kiti cha nyuma nikajing'ata mdomo. Mwishoni mgeni rasmi akasimama, akasema wimbo huu ndio uliofungua mlango wa hospitali kwa watu weusi. Watu wakashangilia, na mimi nikatoka nje kabla sijatamka neno la kunitia aibu. Wimbo haushiki kitasa. Kitasa hushikwa na mtu, na mtu huyo hafungui mpaka kuna mwingine amekubali kupoteza kitu. Nani alipoteza nini, hilo halimo katika daftari la mwalimu. Ndilo nitakalolieleza, maana shangazi hayupo tena, na ncha ya pili ya shuka nilikuwa nimeishika mimi.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba kwa miaka miwili. Mumewe alifariki mapema kabla hawajapata mtoto, naye akaja kukaa kwetu na sanduku moja la bati. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, vyumba viwili na jiko, na ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka kitandani. Nyumba ile tulipewa kwa sababu baba alikuwa karani wa ofisi kuu, mtu mweusi pekee aliyekuwa na meza humo ndani. Siku baba angemwaga unga, nyumba nayo ingekuwa imekwenda. Hilo tulilijua kama tulivyojua majina yetu.

Shangazi alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wenzake walimwita Kengele. Alikuwa mfupi, mabega mapana, viganja vimechubuliwa na dawa za kufulia, na mkali kwa mtu mchelewaji. Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kikawa kizito. Nilipomaliza shule, na hakuna kazi nyingine iliyokuwa ikinisubiri, alinichukua nikawa mwenzake wa kukunja. "Ukizubaa hapa," aliniambia siku ya kwanza, "nitakukunja na wewe, nikuweke kabatini."

Ni lazima nieleze ile kazi, la sivyo wimbo hauna maana. Shuka kubwa la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili. Mnavuta mpaka linyooke, mnakutanisha ncha, mnavuta tena, kisha mnasogeleana na mmoja anampa mwenzake upande wake. Tulikuwa jozi sita katika chumba chembamba, na ukutani upande mmoja kulikuwa na mashine ya kupiga pasi, mapipa mawili ya chuma yanayozunguka, yamejaa mvuke. Jozi moja ikienda mbele wakati nyingine inarudi nyuma, kiwiko cha mtu kinaishia kwenye chuma. Kwa hiyo tuliimba. Kengele akitoa mstari, tunavuta. Tukiitikia, tunasogea. Kuimba kulikuwa namna ya kutoka kazini na ngozi yako yote, msije mkadhani tulikuwa na furaha.

Mashuka yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Yenye mstari wa buluu yalikuwa ya jengo la mbele, la Wazungu. Yasiyo na mstari yalikuwa ya jengo la chini, ng'ambo ya barabara kuu, la kwetu. Ya buluu yalifuliwa kwanza, katika maji safi. Ya kwetu yalifuata katika maji yale yale. Sitii chumvi, bomba nililifungua kwa mkono wangu mwenyewe.

Bwana Mkubwa, Mzungu aliyeisimamia hospitali, aliupenda uimbaji wetu kupita kiasi. Kila akipata mgeni alimleta pale mlangoni, na baba akaitwa kufasiri, kwa kuwa Bwana Mkubwa alikuwa amekaa kwetu miaka mingi na hakujua hata kuomba maji kwa lugha yetu. Sasa nyimbo zetu za wakati ule zilikuwa za matani matupu. Tuliimba juu ya tumbo lake lililotangulia kuingia chumbani. Tuliimba juu ya mkewe na kijibwa chake kilicholala kwenye godoro wakati wagonjwa wetu walilala sakafuni. Baba alisimama pale na tai yake, mikono mbele, akasema kwa Kizungu kilichonyooka, "Wanamshukuru Mungu kwa kazi, bwana." Mgeni akatikisa kichwa kwa kuguswa. Nyuma ya mashuka tulijikaza kisabuni tusicheke. Jioni shangazi alimwigiza baba mezani, na baba mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea yetu: sisi tunachokoza, karani anageuza kuwa sala, na hakuna anayeumia.

Kisha Sindano akafa.

Sindano alikuwa mshonaji wa mashuka yaliyochanika. Jina alipewa kwa kazi yake, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, vyote vitatu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na ndiye rafiki pekee ambaye shangazi alikubali amtanie kuhusu ufupi. Asubuhi moja aliingia chumbani kwetu kuchukua fungu la mashuka ya kushona. Hapo hapakuwa hata mahali pake pa kazi. Bomba la mvuke likapasuka juu ya kichwa chake, na mvuke wote ukamshukia shingoni na kifuani.

Kutoka mashine ile hadi mlango wa dharura wa jengo la mbele ni kuvuka tu uwanja wa kuanikia. Tulimbeba watatu, shangazi, mimi na mwanamke mmoja wa jozi ya pili. Shangazi alikuwa na tabia ya kuhesabu kila kitu, na hata siku ile midomo yake ilihesabu. Hatua sitini na mbili. Akabisha mara tatu. Muuguzi wa Kizungu akafungua, akamtazama Sindano, akatutazama sisi, akasema neno moja: "Chini." Kibao kilikuwa pale juu ya kichwa chake, Wazungu Tu, lakini tulidhani kibao hakisomwi mbele ya mtu aliyeungua vile. Wala mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Tukamweka kwenye toroli la nguo, juu ya mashuka ya buluu yaliyokuwa yakisubiri kupelekwa, tukamsukuma kuvuka barabara kuu, tukiyasimamisha magari kwa mikono. Njiani alifungua macho, akapapasa shuka kwa vidole. "Haya si ya mstari?" alisema. "Nikiyachafua mtayafua nyinyi." Akacheka, mara moja, kicheko kifupi. Nusu ya mashuka yale yalikuwa na mishono yake. Kazi ya mikono yake ilipita katika mlango ule kila siku ya Mungu, ikalaliwa na watu humo ndani, na mwenyewe tulimwondoa hapo kama mzigo uliokosea anwani.

Jengo la chini lilikuwa na daktari mmoja kwa watu wote, na saa ile alikuwa anampasua mtu. Tulimlaza Sindano kwenye benchi. Aliomba maji mara mbili. Alimwita mama yake. Alikata roho daktari akiwa ananawa mikono ili aje, saa nzima na dakika arobaini baada ya bomba kupasuka.

Siku ya pili baba alirudi nyumbani, akasimama mlangoni mwa jiko. Shangazi alikuwa kwenye kigoda jikoni, anamenya viazi.

"Kaka, wameandika nini?"

"Imeandikwa alifariki papo hapo, kabla ya msaada wowote kuwezekana."

"Nani kaandika?"

Baba alilegeza tai. "Bwana Mkubwa kasema, mimi nikapiga chapa."

"Papo hapo ni saa ngapi, kaka?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi nimeandika nilichoambiwa."

"Haya," shangazi akasema, akaendelea na viazi. "Na mimi nitaimba nilichokiona."

Kumbuka karatasi ile ilikuwa na kazi yake. Kama Sindano alikufa papo hapo, basi hakuna aliyemfungia mlango, na mlango unaweza kubaki kama ulivyo. Shangazi hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini hilo hakuhitaji kufundishwa. Alitaka jambo moja tu: yeyote atakayeungua au kukatika mkono mle kazini aingie kwenye mlango ulio karibu.

Wiki ile ya msiba tulikunja mashuka kimya. Matokeo yake jozi zikagongana, na mwanamke mmoja akaunguza mkono mpaka kwenye kiwiko. Msimamizi wetu, mtu mwoga kuliko sote, akaja mbio. "Imbeni basi! Imbeni chochote, mtaniulia watu hapa!" Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu waliokuja baadaye na vinasa sauti vyao walipenda kusikia kwamba wimbo ulizaliwa kutokana na mkutano wa siri. Hakukuwa na mkutano. Tuliamrishwa tuimbe, tukaimba. Shangazi alivuta shuka akaanza:

*Hatua sitini na mbili —*
*Tulizihesabu.*
*Toka kwenye mvuke hadi mlangoni —*
*Tulizihesabu.*
*Tukabisha mara tatu —*
*Tulizihesabu.*
*Tukajibiwa neno moja —*
*Tulilisikia.*

Hapo alimaliza shuka moja zima, akachukua jingine. Kisha akatoa sehemu ya pili, polepole zaidi, na sisi tulikuwa tumeshajua jibu lake kabla hatujaambiwa:

*Saa nzima na dakika arobaini —*
*Alikuwa hai.*
*Aliomba maji mara mbili —*
*Alikuwa hai.*
*Alicheka mara moja —*
*Alikuwa hai.*
*Alimwita mama yake —*
*Alikuwa hai.*

Mimi nililia huku nakunja. Wote tulilia, na hakuna aliyekosea hatua.

Siku chache baadaye Bwana Mkubwa akaleta wageni, mume na mke, watu wa kutoa misaada. Tuliimba. Baba alikuwa pale mlangoni na tai yake. Nilimtazama, na nakiri kwamba nilimwombea asiseme kweli, kwa kuwa nilifikiria kitanda changu na jiko letu. Akasema, "Wanawaombea wagonjwa wapone haraka, bwana." Mama yule wa Kizungu akafuta machozi kwa leso. Shangazi hakujua kuongea Kizungu, lakini kukisikia alikisikia vizuri. Miaka kumi ya kuamrishwa ni shule tosha. Alimaliza mashuka yake, akatundika aproni, na tangu siku ile hakumsemesha baba.

Wiki saba. Katika vyumba viwili! Nilikuwa posta ya nyumba. "Mwambie baba yako kiberiti kiko juu ya kabati," na baba yuko hapo, umbali wa mkono, anatafuta kiberiti. "Mwambie shangazi yako asante." Ningeweza kucheka kama nisingeona jinsi baba alivyokonda. Mama yangu alikwisha kufa miaka mingi nyuma, na watu wawili hawa ndio walionilea. Kuwaona wanapishana mlangoni kama wapangaji kulinichoma kuliko mashine.

Wimbo nao haukukaa chumbani. Wasukuma matoroli waliuchukua, wakaupeleka kwa wafagiaji, nao wakaupeleka kwa wagonjwa wa jengo la chini. Mwezi wa pili niliusikia sokoni, mwanamke anapanga nyanya: *alikuwa hai*. Wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi wakaufanya wa kupakia magari, wakaongeza vifo vyao wenyewe, watu wao waliofukuzwa mlango ule ule. Polisi wangeweza kumkamata mtu kwa kukashifu hospitali, lakini utamkamata nani kwa kuhesabu hatua?

Bwana Mkubwa aliusikia kila mahali, akaona fahari. Jengo la mbele lilikuwa linafunguliwa upande mpya wa upasuaji, na wageni wangekuja kutoka serikalini na magazetini. Akaamua wakunja mashuka wake waimbe, wakiwa na aproni mpya, wakikunja mbele ya watu. Akamwambia baba aandike maneno kwa Kizungu yachapishwe kwenye kijitabu cha sherehe. Baba akaandika. Nilikiona kijitabu: ukurasa wa tatu, mistari minane, Mungu ni mwema, asubuhi ni njema, mikono yetu yafanya kazi. Kazi safi sana, hata vina vilikuwepo.

Siku tatu kabla ya sherehe, alasiri, baba alikaa mezani akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika jikoni.

"Mwambie shangazi yako kwamba mama yake Sindano alikuja ofisini. Aliniomba nimsomee ile karatasi. Nikamsomea. Akasema, basi hakuteseka, asante mwanangu. Akanishika mikono yote miwili. Mwambie shangazi yako huyo mama analala usingizi kwa sababu ya karatasi ile. Muulize kama anataka kumnyang'anya."

Sikuhitaji kuupeleka ujumbe huo. Jikoni sufuria iliwekwa chini, na shangazi akatoka, akafunga kitambaa kichwani, akanishika mkono tukaondoka.

Mama yake Sindano alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu. Mle ndani mlikuwa na kitanda, kiti kimoja, na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Shangazi alikaa sakafuni. Akasema, "Mama, karatasi uliyosomewa si kweli. Nimekuja kukuuliza. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza, na wenzangu watanyamaza."

Mama yule alivuta kanga mabegani. Kisha akauliza, "Aliongea?"

"Aliongea, mama."

"Alisema nini?"

Shangazi akamweleza yote, tangu bomba hadi benchi. Kuhusu maji. Kuhusu mashuka na kile kicheko. Alipofika pale Sindano alipomwita mama yake, sauti ilimkatika, na mimi nikamalizia. Mama yule alijifunika uso kwa kanga, akalia kilio ambacho sitaki kukieleza. Nilidhani tumemuua. Nilimchukia shangazi dakika ile, na wimbo wake, na kila kitu.

Alipotoa kanga usoni alisema, "Mwanangu aliniita, na wao wakaandika hakuwa na muda wa kuniita. Karatasi imenikatia mtoto wangu saa nzima na dakika arobaini. Imba. Nitakuja nisimame kwenye uzio."

Tulirudi nyumbani baba akiwa bado mezani. Shangazi alisimama mbele yake, akamtazama machoni, lakini maneno akayapitisha kwangu kama kawaida. "Mwambie baba yako alivyosema yule mama. Neno kwa neno. Mwambie pia simlazimishi kitu." Nikamwambia. Baba alichukua brashi akaanza kupiga viatu vyake rangi, na vilikuwa vimeshang'aa.

Siku ya sherehe viti vilipangwa uwanja wa kuanikia, kamba zimeondolewa. Wageni walikaa wameupa mgongo mlango wa dharura. Nyuma ya uzio walisimama watu wetu, wengi kuliko nilivyotegemea, wasukuma matoroli, wanawake wa sokoni, na mama yake Sindano katikati yao, ameshikilia waya. Sisi jozi sita tulisimama mbele na mashuka mapya. Shangazi alikuwa ameniambia tu, "Shika imara." Baba alisimama kando mbele ya kipaza sauti. Mpango ulikuwa afasiri mstari kwa mstari, na kijitabu kilikuwa mkononi mwake, kimefunguliwa ukurasa wa tatu.

Kengele akatoa mstari wa kwanza. Tukavuta, tukaitikia, tukasogea, tukasimama kumngoja karani.

Baba alitazama kijitabu. Akakifunga. Akakitia mfukoni mwa koti, polepole, kama mtu aliyemaliza kukisoma. Kisha akasema kwa Kizungu, kwa ile sauti yake ya ofisini isiyopanda wala kushuka: "Hatua sitini na mbili. Tulizihesabu."

Wageni waliinamia karatasi zao. Niliona vidole vinatafuta mstari. Kengele akatoa wa pili, sauti imeyumba kidogo, maana naye hakuwa anajua kwamba kaka yake angefanya hivyo. Baba akasema, "Kutoka kwenye mvuke hadi mlango ulio nyuma yenu. Tulizihesabu." Vichwa vikainuka. Wengine wakageuka kuutazama mlango. Bwana Mkubwa alianza kutabasamu, tabasamu likamgandia usoni, akamwonyesha baba ishara ya kukata. Baba hakumtazama. Mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa tayari anaandika.

"Aliomba maji mara mbili," baba akasema. "Alikuwa hai."

Alipofika hapo watu wa kwenye uzio walikuwa wanaitikia pamoja nasi, na mlio wao uliingia kifuani mwangu. Bwana Mkubwa akamwendea baba, akamshika mkono, akamwambia kitu sikioni. Baba akajitoa, kwa adabu, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake. Akamalizia mstari wa mwisho. Halafu akaongeza ambalo halikuwa kwenye wimbo: "Mimi ndiye niliyeandika kwamba alifariki papo hapo. Si kweli. Niliandika uongo." Na kipaza sauti kikazimwa.

Mengine yako kwenye magazeti ya wakati ule, na ndiyo ninyi mnayoyajua. Walichapisha maneno ya baba kwa sababu yalikuwa kwa lugha yao na kwa mdomo wa karani wao. Watu walisimamisha kazi kiwandani, tume ikaundwa, ikabishana. Kibao kiliondolewa baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Sisi nyumba tulinyang'anywa siku mbili tu baada ya sherehe. Baba hakupata tena kazi ya meza. Alikaa nje ya posta akiwaandikia watu barua mpaka macho yakamshinda. Shangazi alifua nguo za watu mlango kwa mlango. Sikuwahi kumsikia mmoja wao akijuta, wala sikuwahi kuwasikia wakijisifu.

Lakini mimi nakumbuka zaidi saa ile tulipotolewa getini. Shangazi bado alikuwa na aproni mpya. Baba alitangulia, mgongo umenyooka, na mama yake Sindano akamkimbilia. Hakujua Kizungu hata kidogo. Alimshika baba mkono wa koti.

"Mwanangu, umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

"Hata kwamba aliniita?"

"Hata hilo."

"Wakasema nini?"

Baba alifikiri. "Hawakusema kitu, mama. Walikaa kimya."

"Basi wamesikia," mama yule akasema, akamwachia mkono.

Tulitembea umbali wa nyumba mbili hivi. Kisha baba akakaa chini ukingoni mwa barabara, na suruali yake ya ofisini, akalia mbele za watu kwa sauti. Shangazi alimwendea. "Kaka," alimwita, yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi. Akaifungua aproni yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya uso wa baba wapita njia wasimwone, akaniita nishike upande wa pili, tukasimama hivyo mpaka alipomaliza.